Baridi ya Kununua

Los Baños, Ufilipino

Kwa mjomba wangu mpenzi, na jamaa wote wa barazani Ngamiani, Tanga:

 Nakuarifu ya kuwa hali yangu ni njema, wala sina la kushitakia isipokuwa mafua; nayo ni mafua ya halali, kwa kuwa nimeyagharimia kwa fedha yangu mwenyewe, nauli ya kwenda na ya kurudi, kama nitakavyokubainishia ikiwa una wasaa wa kusikiliza na kahawa haijaisha birikani.

Unajua ya kuwa nimekuja huku kusoma mambo ya mpunga, katika mji huu mdogo ulio chini ya Mlima Makiling, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga iliasisiwa mwaka 1960, na ambako mwaka 1966 ilitoka ile mbegu fupi ya kimo na nyingi ya mazao iitwayo IR8, iliyowashibisha watu wa Asia wengi mno kuliko waliowahi kulisikia jina lake. Mpunga hupenda joto na maji, na mji huu umejaliwa yote mawili pasi na kipimo. Nasema hivi nami ni mtoto wa Tanga niliyelizoea jua la kaskazi. Lakini jua la kwetu lina adabu ya kuondoka magharibi na kuuachia upepo wa bahari zamu yake, ilhali joto la huku, hasa mwezi wa Aprili ambao kwa wenyeji ndio kiangazi chenyewe, huingia nawe chumbani, hulala nawe, na alfajiri ndilo linalokuamsha.

Ndipo mwenyeji wetu, kijana wa Kifilipino tunayesoma naye, mpole wa maneno na mkali wa ratiba, alipotujia na shauri kwamba mwisho wa juma twende Baguio, mji wa milimani ulio kaskazini ya Manila kwa takriban kilomita 250, uliokaa juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,500, ambako, alisema kwa sauti ya mtu asimuliaye habari za Peponi, watu hulala na blanketi, wala hawatoki jasho hata wapandapo ngazi.

Tulioikubali safari ni wanne pamoja na yeye. Alikuwapo bibi mmoja wa Kirundi, mzaliwa wa Buyenzi mjini Bujumbura, mwenye Kiswahili kilichokwenda mbali na bahari lakini kisichopotewa na biashara; alikuwapo bwana mmoja wa Kikenya kutoka Nyeri; na mimi. Huyu bwana wa Nyeri nakuomba umtie maanani, kwani aliposikia tunakusanya masweta alicheka kicheko cha huruma, akatueleza kuwa Nyeri iko juu zaidi ya hiyo Baguio, kwamba yeye amekulia machoni pa Mlima Kenya wenye theluji yake, na kwamba hizo digrii 15 zinazowatetemesha watu wa pwani, kwao ni hali ya hewa ya kufulia nguo. Akaja kituoni na kaptura.

Sasa mjomba, baridi tuliyoifuata milimani ilitupokea Manila, ndani ya basi. Sikusudii kulitaja basi hilo wala wenyewe, kwani walitukosea kwa nia njema. Katika nchi hii kiyoyozi si chombo cha kupunguza joto, bali ni heshima anayotunukiwa abiria aliyelipa, na heshima hiyo haina kiasi. Tulipopanda usiku ule tuliwaona wasafiri wenzetu wakitoa mikobani soksi, kofia za sufu, mitandio na mablanketi, nasi tukawasifu kwa kujiandaa mapema kwa ajili ya milima. Ilipofika saa saba ya usiku, tungali katika tambarare za Luzon ya Kati, penye mashamba ya mpunga niliyotamani kuyatazama kwa jicho la kitaaluma lakini madirisha yalikuwa yameingia ukungu hata nje hakuonekani kitu, ndipo tulipoelewa kuwa watu wale hawakujiandalia mji bali basi. Yule bibi wa Buyenzi akamwendea utingo akamwomba kwa staha apunguze. Utingo akajibu, kwa staha vilevile, kwamba chombo chenyewe kinajua mawili tu, kuwaka na kuzimwa, na kikizimwa abiria hudai nauli yao. Bwana wa Nyeri alikuwa kimya muda mrefu. Nilipomtupia jicho nilimwona amezivuta soksi zake hadi magotini, naye akaniambia, kabla sijamuuliza, kwamba hewa ya mashine si baridi ya kweli na haiwezi kuhesabiwa dhidi ya mtu.

Tuliposhuka Baguio alfajiri, wallahi mjomba, tulihisi joto.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipotafuta maji ya kutawadha. Nyuma ya kituo palikuwa na mfereji, na mbele ya mfereji nilisimama mimi, mikono ya shati nimeikunja, nikijadiliana na nafsi yangu. Nilikumbuka ya kuwa vitabu vya fikihi vimeruhusu tayamamu kwa mtu anayechelea madhara ya maji baridi na asiye na cha kuyapashia moto, nikaanza kuangaza macho nitafute vumbi safi. Lakini pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja Mwislamu, Mmaranao kutoka kisiwa cha Mindanao, mmoja katika wafanyabiashara wa kabila hilo waliohamia huko na kufungua maduka, naye alikuwa akitia udhu taratibu, kiungo baada ya kiungo, akijipaka maji yale kichwani pasi na kukunja uso. Mbele ya shahidi wa namna hiyo fatwa yangu haikuweza kusimama. Nikatia mkono wa kulia, nikaupoteza. Nikatia wa kushoto uende kuutafuta wa kulia, nao haukurudi. Sala yenyewe niliisali kwa unyenyekevu ambao sijapata kuujua, kwa kuwa kila mfupa ulikuwa ukitetemeka.

Baguio ni kazi ya watu walioshindwa na joto. Wamarekani walipoitwaa nchi hii kwa Wahispania mwaka 1898 waliiweza nchi, lakini hawakuiweza hewa yake, wakaamua kujipatia mlima. Wakatafuta mahali palipo juu, wakayaona malisho ya Waibaloi, wenyeji wafuga ng'ombe, wakaamrisha ipasuliwe barabara kufuata bonde la mto Bued; na kazi hiyo, baada ya kuwatoa jasho waliotangulia, ikakabidhiwa Kanali Lyman Kennon mwaka 1903, aliyekusanya vibarua kwa maelfu, Wafilipino, Wajapani, Wachina na watu wa mataifa mengineyo, wakachonga majabali na wengine wakafa kwa maporomoko na maradhi, hata barabara ikafunguliwa mwaka 1905, kilomita 33 na ushei za kona juu ya kona. Utaniambia kuwa habari hii unaijua, na kweli unaijua: ni ile ile ya Mombo kwenda Lushoto, ambako Wadachi nao walipanda kuikimbia pwani yetu, wakaubatiza mji jina la mfalme wao, Wilhelmstal, na kupanda matunda ya kwao. Yaonekana kila dola iliyokuja kututawala ilikuja na bendera, ramani, na hamu kubwa ya kuondoka pale tulipo sisi.

Katika wakubwa hao aliyeniburudisha zaidi ni William Howard Taft, gavana wa kwanza wa kiraia, aliyekuja baadaye kuwa Rais wa Marekani, mtu ambaye uzito wake ulizidi ratili 300. Bwana huyu, akiwa ametoka kuugua, alipanda Baguio juu ya farasi kabla barabara haijakwisha, kisha akampelekea simu ya maandishi Elihu Root, Waziri wa Vita huko Washington, kumjulisha kuwa amesafiri vema kwa farasi hata kimo cha futi 5,000; naye Waziri, badala ya pongezi na dua, akamrudishia simu fupi mno ya kuuliza farasi hali yake. Farasi wa Baguio wangaliko, mjomba. Wako katika bustani ya Wright wakikodishwa kwa saa, na baadhi yao wamepakwa rangi ya waridi katika singa za shingoni na mkiani, ili wawapendeze watoto. Niliyepewa mimi alikuwa wa rangi hiyo. Habari hii naomba isitoke barazani.

Aliyeuchora mji ni Daniel Burnham wa Chicago, msanifu mkubwa wa zama zake, aliyekuja Ufilipino mwishoni mwa mwaka 1904 akakaa muda mfupi, akarudi kwao na ramani mbili, ya kuitengeneza Manila na ya kuizua Baguio. Na hii ya pili aliikadiria iwatoshe watu 25,000 au 30,000 hivi, wakae kwa nafasi kati ya misonobari, wakitazama bustani na ziwa la kuchimbwa ambalo leo lina jina lake na mashua zenye shingo za bata-maji. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi 366,358. Hao ni wale wanaolala huko siku zote. Watu wa Jumamosi ya kiangazi hawamo, nao ndio waliokuwa mbele yetu barabarani tangu saa mbili asubuhi. Barabara kuu inaitwa Session kwa ajili ya vikao ambavyo tume ya serikali ilivifanya huko mwaka 1904, na kwa yakini kikao kingaliko, cha magari, wala hakijaahirishwa. Mwenyeji wetu, tulipokwama mbele ya duka la mikate, alichungulia dirishani mwa gari la jirani akamwona mpangaji mwenzake wa Los Baños, wanayetenganishwa naye na ukuta wa mbao, na ambaye kwa wingi wa shughuli hawakuwa wamepata kuzungumza. Wakazungumza hapo kwa kirefu, kila mmoja garini mwake, wakapeana na nambari za simu.

Hapo ndipo nilipoifahamu siri ya mji. Zamani walipanda wakubwa peke yao, wakawaachia raia joto. Siku hizi, alhamdulillahi, uhuru umepatikana na barabara ni ya wote, basi hupanda raia wote kwa pamoja, siku moja, wakikimbia msongamano wa Manila, na msongamano, kwa kuwa nao ni raia, hupanda pamoja nao.

Adhuhuri ilipopita tuliingia katika msitu wa Camp John Hay, kambi iliyowekwa na Wamarekani mwaka 1903 askari wao wapate mahali pa kupumzikia, na isiyorudi mikononi mwa Wafilipino hata mwaka 1991. Hewa ya mle inanukia utomvu wa misonobari, na kwa mara ya kwanza siku ile palikuwa na kimya. Mzaha niliuweka kando kidogo. Miongoni mwa Waibaloi waliokuwa na malisho katika milima hiyo alikuwapo Mateo Cariño, ambaye serikali ilipokataa kumwandikishia ardhi ya baba na babu zake, hekta 146, hakunung'unika barazani kama tunavyofanya sisi, bali alishitaki, akashindwa huku, akaendelea, hata shauri lake likavuka bahari na kufika Mahakama ya Juu ya Marekani. Na mwaka 1909 Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika hukumu ya kumpa haki, kwa hoja kwamba ardhi ambayo watu wameishika kama milki yao tangu zama zisizokumbukwa haichukuliwi kuwa ilipata kuwa mali ya dola. Hukumu hiyo hutajwa mpaka leo na mawakili wanaotetea ardhi za wenyeji katika nchi nyingine. Cariño alishinda kesi, na kambi ikabaki kambi. Wazee wa Usambara wangemwelewa bila mkalimani.

Kutoka hapo tukapelekwa Mines View, mahali pa kutazamia mabonde yaliyokuwa na machimbo. Mandhari ni nzuri, ila hatukuiona sana kwa sababu ya mbwa. Wako pale mbwa wa kizazi cha Saint Bernard, waliokusudiwa na Mola kwa theluji za Uswisi, wakubwa hata ukikaa nao benchi moja unaona haya kwa ufupi wako; wamevishwa miwani ya jua, na mwenye kutaka picha nao humlipa mwenyewe. Nilisimama mbali, si kwa dharau, bali kwa kuchelea mate, kwani nguo ya kusalia ilikuwa moja. Basi ghafula watu waliokuwa kwenye foleni ya mbwa wakatuona sisi watatu, wageni weusi katikati ya ukungu, wakafurahi kwa furaha isiyo na ubaya ndani yake, wakaja mmoja mmoja, kisha familia kwa familia, kuomba picha. Tukapigwa na bibi arusi. Tukapigwa na darasa zima la watoto wa shule na mwalimu wao. Nikabebeshwa mtoto mchanga ambaye hakuulizwa rai yake, naye akaitoa kwa sauti. Bwana wa Nyeri, ambaye kaptura yake ilimzidishia umaarufu, ndiye aliyetanabahi wa kwanza: akanong'ona kuwa yule mbwa analipwa, ilhali sisi, wasomi watatu wa vyuo vikuu, tunafanya kazi ile ile bure, tena bila benchi. Mwenye mbwa naye alianza kututazama kwa jicho la mtu aliyeingiliwa sokoni. Tukaondoka kabla hatujashitakiwa.

Usiku ukaleta baridi yenyewe, na baridi ikatupeleka mnadani. Kila usiku kuanzia saa tatu, barabara ya Harrison hufungwa magari na kufunguliwa mitumba, safu juu ya safu, chini ya taa kali. Nchi hii ina sheria tangu mwaka 1966 inayokataza kuingiza nguo kuukuu kwa ajili ya kuuza, nami nimeisoma. Lakini ukiwauliza wenye vibanda wanaitaja kwa heshima, kama wanavyotajwa marehemu. Mjomba, mimi nimezunguka nchi za watu nikijisikia mgeni katika kila jambo, lugha, chakula, hata namna ya kupanda gari. Nilipolisikia lile belo likikatwa kamba na kumwagwa, na zile sauti za wachuuzi zikiita bei, nikaona wanawake wameinama hadi viwiko ndani ya lundo, nilijua nimefika sokoni Karume.

Hapo uongozi wa safari ulihama kutoka kwa mwenyeji wetu ukaenda kwa bibi wa Buyenzi bila kupigiwa kura. Alikuwa ameshaliona koti la sufu la kijivu, kola pana, tumbo la hariri. Kwa hiyo hakuligusa. Aliinua kwanza koti jingine la jirani yake, baya, lililoliwa na nondo, akauliza bei, akasikia, akahuzunika, akalirudisha polepole kama anayefunika maiti. Kisha, kwa mkono wa mtu aliyekata tamaa ya dunia, ndipo akalivuta la kijivu. Aligeuza mikono yake nje ndani akakagua kwapa, maana mtumba hufia kwapani, akavuta zipu juu na chini, akashika mshono wa bega akauvuta kwa ncha za vidole, akainusa kola, akaitia mkono mifuko yote mpaka ule wa ndani wa siri, akatoa stakabadhi yenye maandishi ya Kikorea na peremende moja ndani ya karatasi yake. Peremende akanipa mimi. Mwenye kibanda, mama wa makamo aliyevaa glavu zisizo na vidole, aliyatazama yote hayo bila neno, naye macho yake yalikuwa yamebadilika; alijua hajaletewa mtalii.

Hawakuwa na lugha moja. Walipokezana kikokotozi. Mama akaandika 600, akakisukuma. Bibi akakifuta kwa ukucha, akaandika 150, akakirudisha. Mama akacheka, akakishika kifua chake, akawaonyesha wachuuzi wa kushoto na kulia ile tarakimu wamsaidie kulia. Bibi akaonyesha kifungo kimoja kilicholegea, ambacho naapa hakikuwa kimelegea alipolishika koti mara ya kwanza. Wakapanda na kushuka hivyo kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa, watu wakasimama kutazama, hata wakafungana peso 250. Na mama yule, badala ya kununa, akachomoa kofia ya sufu nyekundu akaitia ndani ya mfuko kama nyongeza, akampa mwenzake mkono. Sijaona mabalozi wakiagana kwa taadhima ile. Koti nililivaa mimi, kwa kuwa ndimi niliyelipa, na mwenye kulishinda akaridhika na ushindi.

Nikiwa nimejifunga vifungo vyote nilipiga hesabu ya safari. Tulilipa nauli tuifikie baridi. Tukailipia koti isitufikie. Na jirani zetu wote katika barabara ile walikuwa wakifanya biashara hiyo hiyo ya pande mbili, wakipigana picha na mashali yao mapya, nyuso zimewaka furaha, kwani kule Manila mtu anaweza kuwa na kila kitu ila hawezi kuwa na sababu ya kuvaa sweta. Nadhani hili ndilo walilokuwa wakiliuza wale magavana wa zamani, na watu hatimaye wamekubali kulinunua.

Bwana wa Nyeri hakununua kitu. Alizunguka mnadani amekunja mikono kifuani, akisema kuwa anapenda tu kusimama hivyo. Nyumba ya wageni tuliyofikia, nayo jina lake nalisitiri, ilitoa blanketi moja kwa kitanda, la urefu wa kumtosha mtu mmoja akiamua kati ya mabega na miguu. Katikati ya usiku niliamka nikaona dirisha halina pazia, na pazia lina miguu. Nilipomuuliza hali, alinijibu kutoka ndani ya kitambaa kwamba anatazama taa za mji. Akaendelea kuzitazama hata alfajiri, amezipa kisogo. Asubuhi mwenyeji wetu alimliwaza kwa kumwambia kuwa ana bahati, maana Januari ya mwaka 1961 kipimo cha Baguio kilishuka hadi digrii 6.3. Bwana wa Nyeri akasema kwa sauti ya mafua kwamba kimo si hoja; hoja ni unyevu.

Kuhusu chakula nitasema machache. Katika nchi hii nguruwe ana bidii, huingia hata katika mboga za majani, hivyo mimi hukaa mezani nikihoji kila sahani mithili ya kadhi. Lakini Jumapili adhuhuri, katika mgahawa mdogo karibu na soko, aliletwa mezani samaki mzima wa kuchoma, amepasuliwa mgongo na kujazwa vitunguu na nyanya, nami nilipomtazama mkia wake uliogawanyika na magamba yake ya fedha nusura nisimame nimwamkie: alikuwa mwatiko. Mwatiko yule yule, mjomba, mwenye miiba isiyo na huruma. Huku hufugwa katika vidimbwi vya maji chumvi huko Dagupan, mji wa pwani ulio chini ya milima hiyo, na watu wa Dagupan hujivunia samaki huyo mbele ya nchi nzima. Waliniletea uma na kijiko. Mwenyeji wetu akaosha mikono, nami nikaosha, tukamla kwa vidole na wali, tukiitoa miiba midomoni bila kusemezana, na bibi wa Buyenzi, ambaye kwao ni mukeke wa Tanganyika, alituangalia kwa uvumilivu wa mtu anayejua samaki bora zaidi ila hataki kuanzisha vita.

Zawadi hapa ni faradhi. Mtu akirudi safari mikono mitupu huonekana hakwenda. Nimemnunulia mkaza mjomba chupa ya jamu ya viazi vikuu vya zambarau, ipikwayo na masista wa Good Shepherd, na rangi yake ni ya asili, asije akaimwaga akidhani ni dawa ya mguu. Wewe nilikusudia kukuletea kinyago cha mti kinachouzwa kila kibanda cha Baguio, cha mzee amesimama ndani ya pipa, mwenye uso wa bashasha na upole. Nikalipa, nikafungiwa, nikatoka nje, nikalinyanyua lile pipa nione kazi ya mchongaji. Mjomba, kinyago nimekirudisha. Kilichokuwa chini ya pipa hakiwezi kuwekwa katika nyumba yenye mabinti, wala heshima iliyopo baina yako na mimi hainiruhusu kukieleza. Wale wa barazani wenye kufahamu wakufahamishe nikiwa mbali. Badala yake nimekununulia ufagio wa majani laini ambao kila msafiri hurudi nao kutoka huko.

Tulirudi kwa basi la namna ile ile, lakini safari hii nilikuwa na koti na kofia nyekundu, na bwana wa Nyeri alikuwa na pazia, alilolinunua kwa mwenye nyumba kwa bei ambayo bibi wa Buyenzi hajamsamehe.

Hivi sasa wenzangu wamenijulisha kuwa mwezi wa Disemba wanakusudia kwenda mbele ya Baguio, kuupanda Mlima Pulag, wenye kimo kilichopita mita 2,900, ambako katika miezi hiyo nyasi huganda umande ukawa barafu, na watu hupanda ili wayaone mawingu chini yao wakati wa kuchomoza jua. Kiongozi wa shauri hilo ni bwana wa Nyeri. Nimewajibu kwa masikitiko kuwa sitaweza, kwa kuwa nina mtihani tarehe hizo hizo. Na profesa wangu, niliyemwendea jana kumwomba auweke mtihani huo, ameniahidi kulifikiria.

Nisalimie wote, mkubwa kwa mdogo.

Wasalaam,
Mpwa wako